Goti Lililoitwa Mkono

Kila mchezo wa mpira ukiisha twasikia njiani kilio kile kile: «Nani ametuletea mwamuzi huyu?» Wengine hulia kwa uchungu wa kushindwa tu, hao tuwaache. Lakini pengine kilio kina haki.

Tarehe 12 Novemba 2016, mjini Polokwane, Afrika ya Kusini ilishindana na Senegali kutafuta nafasi katika Kombe la Dunia. Mpira ukamgonga gotini Kalidou Koulibaly, mlinzi wa Senegali. Mwamuzi Joseph Lamptey, mtu wa Ghana, akapiga filimbi: ameunawa! Penalti ikatiwa wavuni, na mwishowe Senegali wakashindwa 2 kwa 1. Hata mtoto wa darasa la kwanza hutofautisha goti na mkono. Wapelelezi wakagundua tena kwamba fedha za kamari juu ya mchezo ule zilikwenda kwa namna isiyo ya kawaida. Machi 2017 FIFA ikamfungia Lamptey maisha, na mahakama ya michezo ya Lausanne ikaikataa rufani yake. Mchezo ukarudiwa tarehe 10 Novemba 2017. Senegali wakashinda 2 kwa 0, wakaenda Urusi.

Basi aliyepiga filimbi aliadhibiwa. Lakini mwamuzi hajichagui mwenyewe, na watazamaji hawaelezwi kwa nini amepewa huyu, akaachwa yule. Ndiyo sababu twawaelewa wanaonung'unika. Warusha mawe hatuwaelewi hata kidogo. Polokwane palikuwa na kamera. Je, katika viwanja vyetu vya mitaani, goti likiitwa mkono, nani atauamuru mchezo urudiwe?