Kwenda Nchi ya Mbali Peke Yako Kuasili Mtoto: Mambo ya Kujua Kabla ya Kukata Tiketi

Swali hili hufika parokiani kwa sura mbalimbali. Mtanzania anayeishi Marekani anapiga simu kuuliza kama anaweza kuja likizo ya mwezi mmoja, akaasili mtoto wa marehemu dada yake na kuondoka naye. Mmisionari mlei kutoka Ulaya, asiye na mume, amezoeana na mtoto mchanga katika makao ya masista na anatamani kurudi naye kwao. Mjane asiye na watoto amesikia kwamba nchi fulani jirani “wanatoa watoto” kwa urahisi. Wote watatu wana nia njema. Wote watasafiri peke yao. Na wote wanadhani safari ndiyo mwanzo wa jambo lenyewe, kumbe ni karibu mwisho wake.

Ndugu msomaji, iwe wewe ni frateri unayejiandaa kwa utume wa parokia au mwamini uliyeguswa na hali ya mtoto asiye na mlezi, ni vizuri kuelewa jambo hili linavyokwenda. Kosa likifanyika, anayelilipia si mtu mzima aliyesafiri, bali ni mtoto.

Kuasili si kulea tu

Kwetu kulea mtoto wa ndugu ni jambo la kawaida. Shangazi, bibi au mjomba humchukua mtoto, humsomesha, na hakuna karatasi inayoandikwa. Kuasili ni jambo lingine. Ni tendo la mahakama linalokata uhusiano wa kisheria kati ya mtoto na wazazi waliomzaa, na kumfanya mtoto wa mtu mwingine kwa jina, kwa urithi na kwa wajibu wote wa mzazi. Kati ya hayo mawili kuna malezi ya kambo, ambapo mtoto hukaa na mlezi chini ya uangalizi wa Ustawi wa Jamii bila kupoteza ukoo wake.

Kwa hiyo kikao cha ukoo peke yake hakitoshi, wala barua ya mwenyekiti wa mtaa, wala ya paroko. Tanzania Bara, Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka maombi ya kuasili yapelekwe Mahakama Kuu, na Afisa Ustawi wa Jamii amchunguze mwombaji. Zanzibar ina Sheria yake ya Mtoto ya 2011.

Mtoto hutafutiwa familia

Mwaka 1993, tarehe 29 Mei, mataifa yalikubaliana huko The Hague, Uholanzi, juu ya mkataba wa kulinda watoto wanaoasiliwa kutoka nchi moja kwenda nyingine. Kenya, Rwanda na Burundi wamo katika mkataba huo. Tanzania na Uganda hawamo. Lakini hata nchi zisizo ndani yake hukutana na kanuni zake, kwa sababu nchi nyingi zinazopokea watoto huzifuata.

Msingi wake ni mpangilio. Kwanza mtoto abaki na wazazi wake, au ndugu zake, ikiwezekana. Isipowezekana, atafutiwe familia katika nchi yake. Hilo likishindikana, ndipo familia ya nchi nyingine ifikiriwe. Ridhaa ya wazazi itolewe kwa hiari, bila malipo, na ridhaa ya mama itolewe baada ya mtoto kuzaliwa, kamwe si kabla. Anayetaka kuasili hapaswi kukutana na wazazi wa mtoto kabla ya mamlaka kukamilisha hatua zinazohusika, isipokuwa kama ni ndugu, au mamlaka yenyewe imeruhusu kwa masharti yake.

Maana yake ni hii: mtu hasafiri kwenda kuchagua mtoto. Nchi ya mtoto ndiyo inayothibitisha kwamba mtoto huyu anahitaji familia, kisha inaangalia ni nani anayemfaa. Aliyekwisha kumpenda mtoto fulani huona mpangilio huu ni mgumu kukubali. Lakini umewekwa kwa ajili ya mtoto ambaye bibi yake bado hajaulizwa.

Kwa nini milango mingi imefungwa

Watoto wengi walio katika makao yanayoitwa ya yatima wana mzazi mmoja aliye hai, au ndugu wa karibu. Wamefikishwa hapo na umaskini, ugonjwa au kifo cha mama wakati wa kujifungua. Pesa za kigeni zikiingia katika hali hiyo, mtoto hugeuka bidhaa.

Nchini Uganda, kwa miaka mingi wageni walikwepa sharti la kukaa nchini kwa kuomba mahakamani ulezi wa kisheria tu, kisha wakaondoka na mtoto na kumwasili kwao. Sheria ilirekebishwa mwaka 2016 kuziba njia hiyo. Agosti 2020, Marekani iliwawekea vikwazo majaji wawili wa Uganda na wakili mmoja kwa tuhuma za mpango ambao wazazi maskini wa vijijini waliambiwa watoto wao wanapelekwa kusoma, kumbe wanaasilishwa.

Kongo ilisimamisha vibali vya watoto walioasiliwa kutoka nchini Septemba 2013, na mamia ya watoto ambao tayari mahakama ilikuwa imewakabidhi kwa wazazi wapya walibaki wakisubiri, wengine hadi 2016. Kenya ilisimamisha uasili wa kwenda nje Novemba 2014. Ethiopia iliupiga marufuku mwaka 2018. Msafiri asiyejua haya anaweza kufika, akampakata mtoto, akakuta mlango umefungwa kwa wote wawili.

Mtu aliye peke yake mbele ya sheria

Je, asiye na mwenzi wa ndoa anaweza kuasili? Jibu linategemea nchi mbili kwa pamoja: ya mtoto na ya mwombaji.

Tanzania Bara, mwanamke aliye raia anaweza kuomba peke yake, mahakama ikiridhika kwamba ni kwa manufaa ya mtoto. Mwanamume aombaye peke yake kumwasili mtoto asiye wake anatakiwa awe na sababu maalumu. Asiye raia anapaswa awe ameishi nchini miaka 3 mfululizo, na amlee mtoto kwanza chini ya uangalizi wa Ustawi wa Jamii.

Marekani kwa upande wake inamruhusu asiye na ndoa kuomba kuingiza mtoto aliyeasiliwa nje, akiwa raia wa Marekani na ametimiza miaka 25. Mwenye ukazi wa kudumu, yaani grini kadi, hawezi kutumia njia hiyo. Tena, kwa mtoto kutoka nchi isiyo katika mkataba wa 1993, ni lazima mtoto ahesabike yatima kwa sheria ya Marekani. Mtoto anayelelewa na baba na mama yake wote wawili hahesabiki, hata kama ukoo mzima umekubali.

Hapa ndipo Mtanzania wa ughaibuni hubanwa pande mbili. Akibaki raia wa Tanzania mwenye grini kadi, mahakama ya nyumbani inaweza kumsikiliza, lakini Marekani haimpi njia hiyo kwa mtoto wake mpya. Akichukua uraia wa Marekani, Marekani itamsikiliza, lakini kwa kuwa Tanzania haina uraia pacha kwa watu wazima, nyumbani anahesabiwa mgeni. Jambo hili lichunguzwe na mwanasheria wa kila upande kabla ya kumwahidi mtoto chochote.

Mfano unaojulikana zaidi Afrika ni wa mwanamuziki Madonna. Mwaka 2009, akiwa ameachana na mumewe, aliomba kuasili mtoto wa pili kutoka Malawi. Mwezi Aprili Mahakama Kuu ilikataa, kwa sababu hakuwa mkazi wa Malawi kama sheria ilivyotaka. Mwezi Juni Mahakama ya Rufaa ilikubali, ikiipa maana pana zaidi dhana ya ukazi. Angalieni hoja iliyokuwa mezani: ukazi. Mahakama inataka kumwona mwombaji anavyoishi na mtoto, na hilo haliwezekani kwa mtu aliyeshuka ndege wiki iliyopita.

Safari yenyewe

Tuseme taratibu zote zimekamilika. Anayesafiri peke yake ajiulize mambo machache. Ana ruhusa ya kazi ya muda gani, ikiwa mahakama itaahirisha shauri? Baada ya amri ya mahakama bado kuna kuandikishwa kwa mtoto, pasipoti, vipimo vya afya na viza, na kila ofisi ina foleni yake. Nani atamshika mtoto anapopanga foleni hizo, au yeye mwenyewe akiugua malaria? Je, ameandika ni nani atakayemlea mtoto huyu iwapo yeye atafariki? Penye wazazi wawili mmoja humpokea mwenzake usiku. Aliye peke yake anahitaji watu aliowaandaa mapema, kwa majina, si kwa matumaini.

Alipe ada halali kwa risiti. Anayedai “ya chai” ili kuharakisha faili anaweka doa litakaloweza kubatilisha yote, na siku moja mtoto atataka kusoma faili hilo.

Kanisa linasema nini

Katekisimu, namba 2379, inawaalika wanandoa wasiojaliwa watoto kufikiria kuwaasili watoto walioachwa. Kanisa linafundisha kwamba mtoto anastahili kupata upendo wa baba na mama, na mwenye kuasili peke yake asilipuuze hilo. Amtafutie mtoto babu, wajomba na wasimamizi wa ubatizo watakaokuwa karibu kweli. Lakini Kanisa halimfungii mlango. Kanuni ya 110 ya Sheria ya Kanisa inasema walioasiliwa kwa sheria ya nchi huhesabiwa watoto wa yule, au wa wale, waliowaasili. “Yule” ni mmoja. Mordekai naye, katika Kitabu cha Esta, akiwa uhamishoni ugenini, alimlea binti wa ndugu yake aliyefiwa na wazazi kama mwanawe.

Mafrateri mkumbuke pia haya. Ubatizo wa mtoto unahitaji ridhaa ya mzazi au anayeshika nafasi yake kihalali (kanuni ya 868). Mtu anayesubiri amri ya mahakama bado hajawa mzazi. Mtoto aliyeokotwa abatizwe, isipokuwa uchunguzi makini uonyeshe alikwisha kubatizwa (870). Kanuni ya 877 inaeleza namna ya kuandika majina ya walioasili na ya wazazi wa asili, na aliyebatizwa kabla ya kuasiliwa aongezewe kumbukumbu hiyo katika daftari la parokia (535). Hii ina uzito, kwa sababu undugu wa kuasili ni kizuizi cha ndoa katika mstari wa moja kwa moja na katika daraja la pili la pembeni (1094). Daftari likikosewa leo, paroko wa miaka 25 ijayo hatajua anafungisha ndoa ya nani na nani.

Mwamini akija na swali hili, msimvunje moyo, wala msimwandikie barua ya haraka. Mwelekezeni ofisi ya Ustawi wa Jamii ya wilaya kwanza, kisha kwa mwanasheria. Na kama ikionekana kwamba bibi wa mtoto angeweza kumlea kama angepata ada ya shule na gunia la mahindi, basi mwambieni ukweli: huenda upendo wake unaombwa kumsaidia bibi huyo, mtoto akabaki kwao.