Kwa nini picha ya sisimizi hutoka na ukungu? Somo kutoka minazi ya Mafia

Umewahi kupanda mwembe bila kuangalia vizuri, halafu ukashuka kwa kasi kuliko ulivyopanda? Basi maji moto unawafahamu. Ni wale sisimizi wa rangi ya kahawia-nyekundu wanaoshona majani mabichi yakawa nyumba, kwa nyuzi za hariri zinazotoka kwa mabuu wao. Akikung'ata, anakunyunyizia asidi palepale penye jeraha. Jina lao halihitaji maelezo.

Kisiwani Mafia, ambako minazi ndiyo sura ya nchi, wadudu hawa si kero tu. Kuna mdudu mwingine, kitaalamu anaitwa Pseudotheraptus wayi, anayefyonza vidaka vya mnazi mpaka vinapukutika kabla hata ya kufikia kuwa dafu. Maji moto humwinda. Mtafiti M. J. Way alilichunguza jambo hili Zanzibar katika miaka ya 1950, na hilo neno "wayi" limetokana na jina lake. Kuna pia upande wa pili wa hadithi: sisimizi wadogo wa ardhini, Pheidole megacephala, hupigana na maji moto na kuwazuia wasitawale mnazi.

Sasa tuseme uko shambani, na mwenye shamba anakuuliza: hawa wadogo wa kahawia wanaopanda kwenye shina ni akina nani? Maji moto anajulikana kwa macho. Lakini sisimizi wadogo wa kahawia wako wa aina nyingi, na huyu ana urefu wa milimita 2 tu hivi. Ukimpelekea mtaalamu picha, atatafuta mambo mawili: kiuno chenye vifundo viwili, na katika kundi hilohilo, askari wenye vichwa vikubwa kupita kiasi. Ukungu ukifunika kiuno, swali la mkulima linabaki palepale.

Na hapo ndipo shughuli inapoanza.

Fokasi ni nyembamba kama ukucha

Wengi wanaoanza hulaumu kamera. Usiilaumu kwanza, fanya hesabu. Picha ya "moja kwa moja" maana yake ni kwamba mdudu wa milimita 9 anachukua milimita 9 kwenye sensa, ile sehemu ya kamera inayopokea mwanga. Kwa sensa ya milimita 36 kwa 24, ukiweka tundu la lenzi kwenye f/8, eneo linaloonekana kali lina unene wa takriban milimita 1 tu. Chochote kilicho mbele au nyuma yake kinaanza kufifia.

Ukimkuza mdudu mara mbili ya ukubwa wake, jambo ambalo huna budi kulifanya kwa yule wa milimita 2, unene huo unashuka hadi theluthi moja hivi ya milimita. Yaani jicho linaweza kuwa kali na kiuno kikawa moshi.

Utasema: basi nibane tundu, niende f/22 au f/32. Wazo zuri, ila kuna bei. Mwanga ukipita kwenye tundu dogo mno hutawanyika, na picha nzima inalegea. Tena ukikaribia hivi, lenzi inafanya kazi kana kwamba tundu ni dogo zaidi ya namba unayoisoma: kwenye picha ya moja kwa moja, f/11 inatenda kama f/22. Ndiyo maana wengi huishia kati ya f/8 na f/11 na kukubali wembamba wa fokasi.

Ukishaukubali, unajifunza kuutumia. Simama ubavuni mwa mdudu, mwili wake wote uwe sambamba na uso wa lenzi. Kichwa, kiuno na tumbo vitaangukia kwenye milimita ileile moja. Ukimpiga kutoka mbele, utapata taya nzuri sana na kiuno hutakiona.

Adui si mkono peke yake

Kwa nini usitumie stendi ya miguu mitatu? Jaribu. Ukimaliza kuifunga, sisimizi ameshafika kwenye kuti la juu. Kwa hiyo kamera inabaki mkononi, na mwili wa binadamu hautulii. Unapumua, moyo unadunda, magoti yanayumba. Mbele na nyuma tu unaweza kusogea milimita kadhaa bila kujijua, wakati fokasi yako ni milimita moja. Kifaa cha kutuliza picha ndani ya lenzi hupunguza mtikisiko wa pembeni. Huku kwa mbele na nyuma hakikusaidii.

Dawa yake ni kugeuza utaratibu. Zima fokasi ya kujiendesha, chagua ukuzaji unaoutaka, kisha usogeze mwili wako taratibu mpaka mdudu aingie kwenye fokasi. Egemea shina la mnazi. Kama mdudu yuko kwenye jani, shika kikonyo chake kwa mkono wa kushoto na uilaze lenzi juu ya mkono huohuo: jani na kamera vitayumba pamoja. Piga picha tano au kumi mfululizo ukisogea kidogokidogo. Nyingi utazifuta, na wala si aibu.

Upepo nao ni mshiriki. Kusi likishika, makuti hayana subira na mtu. Amka alfajiri, kabla upepo wa baharini haujachangamka.

Mwanga wa kumsimamisha anayekimbia

Tuseme sisimizi anatembea sentimita 3 kwa sekunde. Ukifungua kamera kwa 1/200 ya sekunde, atakuwa amesogea milimita 0.15. Inaonekana ndogo, lakini kwa mdudu wa milimita 2 hiyo inatosha kufuta vifundo vya kiuno. Flashi ikiwekwa kwenye nguvu ndogo inaweza kuwaka kwa muda mfupi kiasi cha 1/10,000 ya sekunde. Hapo anasogea milimita 0.003 tu, na hata mtetemo wa mkono wako unagandishwa.

Tatizo ni kwamba mwili wa sisimizi unang'aa, na flashi tupu itaacha madoa meupe. Kata kipande cha dumu jeupe la plastiki, kiweke kati ya flashi na mdudu, karibu na mdudu kadiri uwezavyo. Mwanga utalainika. Kwa mwenye simu na lenzi ndogo ya kubana, kanuni ni zilezile: egemea, piga nyingi, lainisha mwanga.

Anza na mkubwa

Usianze na yule wa milimita 2, utakata tamaa. Anza na maji moto. Ni mkubwa, na ukimkaribia mara nyingi hakimbii: anasimama, anapanua taya na kukukabili. Pata kwanza picha moja ambayo jicho, kiuno na tumbo vyote ni vikali. Usibomoe kiota chake ili atoke, maana huyo ni mlinzi wa nazi za mtu. Na funga suruali kwenye soksi, nimekwambia.

Mkono ukishazoea, shuka kwenye shina kwa wale wadogo. Piga kundi zima ili askari wenye vichwa vikubwa waonekane, kisha piga mmoja kutoka ubavuni. Andika tarehe, mahali na mti uliowakuta. Kiuno kikionekana, rudi kwa mwenye shamba. Safari hii utakuwa na la kumwambia.