Akiba ya upakuaji katika Astropy

Akiba ya upakuaji (pia: kashe) katika Astropy ni folda kwenye kompyuta ya mtumiaji ambamo maktaba hiyo ya programu huweka nakala za mafaili iliyoyapakua kutoka intaneti, ili yasipakuliwe upya kila yanapohitajika. Astropy ni maktaba huria ya lugha ya Python kwa ajili ya astronomia. Mradi wake ulianza mwaka 2011. Data nyingi za fani hiyo ni kubwa mno, au hubadilika mara kwa mara, hivyo haziwezi kuja pamoja na programu yenyewe.

Utendaji

Mtumiaji huita "download_file" akitaja anwani ya faili. Akiongeza "cache=True", Astropy hutazama kwanza kama anwani hiyo imo katika akiba. Kama imo, nakala iliyopo hutumika bila kuwasiliana na seva. Kama haimo, faili hupakuliwa mahali pa muda, na huingizwa katika akiba baada tu ya kukamilika. Kwa hiyo mtandao ukikatika katikati, kipande cha faili hakibaki katika akiba kana kwamba ni faili zima.

Nakala hutambuliwa kwa anwani yake, si kwa yaliyomo. Hapa ndipo penye hatari. Mwenye seva akisahihisha data na kuiweka kwenye anwani ileile, aliyeipakua zamani ataendelea kupewa data yenye makosa. Watafiti wawili wenye programu moja wanaweza kupata majibu tofauti, na hakuna ujumbe wowote wa kosa utakaotokea. Dawa yake ni "cache='update'", inayolazimisha upakuaji mpya. Ni afadhali zaidi mwenye data aandike namba ya toleo ndani ya anwani, lakini si wote wanaofanya hivyo.

Majedwali ya mzunguko wa Dunia

Mfano unaowagusa watumiaji wengi ni majedwali ya IERS, taasisi ya kimataifa inayofuatilia mzunguko wa Dunia. Dunia haizunguki kwa mwendo sawa kabisa, hivyo wakati unaotokana na mzunguko wake (UT1) hutofautiana kidogo na ule wa saa za atomi (UTC). Tofauti hiyo hupimwa. Haiwezi kukokotolewa kwa usahihi miaka mingi mbele. Kwa kuwa anga huonekana kuzunguka takriban sekunde 15 za tao kwa kila sekunde 1 ya wakati, kosa la sekunde 0.1 husogeza mahali pa nyota kwa sekunde 1.5 za tao hivi. Kwa anayetazama kwa macho si kitu, lakini kwa darubini kubwa ni kosa kubwa.

Kwa sababu hiyo jedwali hili lina umri. Kwa kawaida Astropy hutafuta jipya pale makadirio yaliyomo yanapozidi siku 30.

Bila intaneti

Kompyuta kubwa za utafiti mara nyingi hazina njia ya kutoka kwenda intaneti, na kazi iliyosubiri foleni kwa saa nyingi inaweza kukwama kwa kukosa faili moja dogo. Mtumiaji anaweza kupakua kila kitu mapema kwenye kompyuta nyingine, akafunga akiba katika faili la zipu kwa "export_download_cache", kisha akaifungua kule kwa "import_download_cache".