Ukienda kwenye theluji, nenda na wa kukutazama uso

Msomaji, ikiwa unaishi Kitengela huhitaji kuelezwa maana ya upepo. Mwezi wa Julai, kabla jua halijachomoza, ukisimama kando ya barabara ya Namanga kungoja matatu ya kwenda Nairobi, upepo unaovuma kutoka nyanda za Athi hukupenya hadi mifupani, na kila abiria huapa kwamba hajawahi kuona baridi kama hiyo. Mimi pia niliapa hivyo miaka mingi. Kisha, mapema Januari 2024, nikajikuta na rafiki yangu katika jiji la Helsinki, Finland, kila mmoja na mkoba wake mgongoni, nikatamani ule upepo wa Julai kama mtu anavyotamani moto wa jikoni.

Utauliza tulifuata nini huko. Jina la Finland liliingia katika nyumba nyingi za Kenya mwaka wa 2023 kutokana na sakata ya karo za wanafunzi wa Uasin Gishu, lakini kwetu sisi wawili lilianza zamani, tulipokuwa shuleni. Philip Boit, mwanariadha wetu wa mbio za mita 800, alipelekwa Finland mwaka wa 1996 pamoja na mwenzake Henry Bitok kufundishwa kuteleza kwenye theluji kwa skii. Miaka miwili baadaye, katika Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi ya Nagano, Japani, Boit alishiriki kilomita 10 na kumaliza wa mwisho, nambari 92, dakika 20 hivi baada ya mshindi. Mshindi huyo, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimngojea kwenye utepe akamkumbatia. Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Rafiki yangu, mzaliwa wa Kajiado mjini ambaye sasa ni jirani yangu Kitengela, hakuisahau hadithi hiyo. "Siku moja lazima tuikanyage theluji yenyewe," alikuwa akisema.

Basi tukaunda chama cha watu wawili. Kila mwisho wa mwezi kila mmoja alitoa fungu lake, naye akawa mweka hazina. Ilituchukua miaka miwili. Kuhusu viza sitakuchosha: utadaiwa taarifa za benki, tikiti ya kurudi, mahali pa kulala, na bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Anza mapema, na usinunue tikiti isiyorudishwa pesa kabla hujapata jibu.

Mavazi tulinunua mitumba. Yale makoti mazito ambayo huku kwetu huvaliwa na waendeshaji bodaboda na walinzi wa usiku ndiyo hasa yaliyoshonewa nchi hizo, hivyo usione haya kuyavaa. Kosa letu lilikuwa chini ya koti. Tulivaa fulana za pamba, na pamba ikishalowa jasho haikauki upesi, bali hukulalia mwilini kama kitambaa cha maji. Sufi ni afadhali. Kosa la pili lilikuwa viatu. Nilivaa soksi pea mbili ndani ya buti lililonitosha kwa pea moja, nikidhani naongeza joto, kumbe nilikuwa nikiibana damu isifike vidoleni. Mama yake rafiki yangu, ambaye hajawahi kutoka Kenya, ndiye aliyekuwa na busara kutushinda sote. Alitupa shuka mbili za Kimaasai, akasema tuzifunge kifuani ndani ya koti. Hicho ndicho kitu pekee ambacho sikujuta kukibeba.

Juma hilo tulilofika, Finland nzima ilikuwa imeshikwa na baridi isiyo ya kawaida hata kwao. Tarehe 5 Januari, huko Enontekiö, kaskazini kabisa, ilipimwa digrii 44.3 chini ya sufuri. Helsinki iko kusini kando ya bahari, na haikufika huko. Sisi tulikutana na baridi ya karibu digrii 20 chini ya sufuri. Ili uelewe, friza ya nyumbani inayogandisha kuku akawa kama jiwe huwekwa kwenye digrii 18 chini ya sufuri. Tulikuwa tukitembea ndani ya friza, tena yenye upepo. Vinyweleo vya puani viliganda kwa pumzi ya kwanza. Theluji ililia kwa kelele kavu chini ya buti. Simu yangu ilizimika ikiwa na nusu ya moto, kwani betri hunyong'onyea baridini. Jua nalo lilichomoza baada ya saa tatu asubuhi, likatua kabla ya saa kumi jioni.

Siku ya tatu tuligombana. Nilitaka tupande tramu kwenda Uwanja wa Olimpiki, uliotumika katika michezo ya mwaka wa 1952, ambako pia Benjamin Limo alitunyakulia dhahabu ya mita 5,000 katika mashindano ya dunia ya mwaka wa 2005. Mweka hazina akakataa. Kutoka stesheni kuu ya treni ni kama kilomita mbili tu, alisema, na mtoto wa Kajiado hapandi gari kwa kilomita mbili. Nikamwambia chama hiki ni cha wawili, si chake. Maneno yalizidi, mengine sitayaandika hapa. Tulitembea kimya, yeye mbele, mimi hatua 20 nyuma. Uwanjani tuliutazama ule mnara mrefu uliofunikwa ukungu, kila mmoja kivyake kama watu wasiojuana, kisha tukageuka kurudi, na sasa upepo ulikuwa usoni.

Mwanzoni pua na masikio viliniuma vibaya. Baadaye kidogo maumivu yakaisha. Nilifurahi, nikajiambia kwamba hatimaye mwili umezoea. Msomaji, hapo ndipo pa kuogopa. Mwili unapozidiwa na baridi huondoa damu kwenye pua, masikio na vidole ili uokoe moyo na viungo vya ndani. Ngozi hufa ganzi, na ganzi haiumi. Mwenyewe huwezi kujua, na uso wako huuoni.

Rafiki yangu alisimama kungoja taa za barabarani. Nilipomfikia aligeuka kunitazama, nadhani kwa hasira, akakunja uso.

"Hebu simama. Pua yako imekuwaje?"

"Ni kupauka tu," nilimjibu kwa ukali. "Sijajipaka mafuta."

"Hiyo si kupauka, bwana. Ni kama majivu. Unasikia nikigusa?"

Sikusikia kitu. Alivua glavu zake, akanifunika pua kwa viganja vyote viwili, watu wakipita. Kisha akanikokota hadi ndani ya maktaba kuu ya jiji, Oodi, iliyofunguliwa mwaka wa 2018 na ambayo mtu yeyote huingia bure, akaniketisha, akaniwekea mikono masikioni. Ilichukua muda. Hisia ziliporudi nilihisi kama nachomwa sindano, machozi yakanitoka mbele ya watoto waliokuwa wakisoma vitabu vyao.

Vijitabu vingi vya wasafiri husema utazame ngozi inayogeuka nyekundu kisha nyeupe. Vimeandikiwa Wazungu. Ngozi nyeusi huanza kuonekana ya kijivu, kama ya mtu aliyepauka, na kwa kuwa sote tumekulia katika kupauka, hatushtuki. Na mafuta si kinga, hata ujipake kopo zima. Mwenzako akiona doa kama hilo, ingieni ndani, mlifunike kwa kiganja chenye joto. Msilisugue, wala msilipake theluji. Msimkaribishe kwenye hita au moto, kwa sababu ngozi iliyokufa ganzi huungua bila mwenyewe kujua. Ikibaki ngumu na isiyo na hisia, au ikitoka malengelenge, tafuteni daktari mara moja. Tulipangiana kutazamana uso kila baada ya dakika chache, hata tulipokuwa bado tumenuniana.

Maana bado tulinuniana. Simu ilipopata joto ilijiwasha, na ujumbe wa kwanza kuingia ulikuwa wa mama yake, akiuliza kama tumekula. Tulitazamana. Hatukuwa tumekula tangu asubuhi. Mweka hazina alifungua kibeti, akahesabu, akaenda akarudi na vikombe viwili vya kahawa na mikate yao ya shayiri nyeusi yenye wali ndani, bila kusema neno. Jioni tulirudi tulikolala kwa tramu.

Ncha ya sikio langu la kushoto ilibambuka ngozi kwa wiki nzima. Koti nilimpa jamaa wa bodaboda anayenibeba kutoka stejini, shuka nikaibakisha. Na hadi leo nikikutana na rafiki yangu asubuhi ya Julai hapa Kitengela, kabla hajanisalimu hunitazama pua.