Kapsuli za Uyoga na Dawa za Hospitali: Angalieni Mnapochanganya

Vikundi kadhaa vimetuuliza kama ni salama kutumia zile kapsuli, unga na kahawa za uyoga zinazouzwa nyumba kwa nyumba, na kama mtu anaweza kunywa aina mbili tatu kwa pamoja. Tumeona tuwajibu wote hapa.

Kwanza, hatuzungumzii uyoga wa oyster ambao vikundi vingi hukuza kwenye mifuko ya majani makavu. Ule ni chakula. Pikeni, kuleni, uzeni. Tunazungumzia uyoga wa dawa: reishi, ambao Wachina huita lingzhi na kwenye pakiti huandikwa Ganoderma, kodisepsi, na chaga, unaoota kwenye miti ya nchi za baridi. Wachina wametumia reishi kwa karne nyingi, na hatusemi ni sumu. Wengi hunywa wasipate shida kubwa kuliko tumbo kuvurugika au mdomo kukauka.

Taabu huja kwa kuchanganya. Reishi yaweza kuifanya damu ichelewe kuganda, na kodisepsi vilevile. Sasa mama anakunywa zote mbili, na daktari alishampa warfarini au aspirini. Hapo ni watu watatu wanaosukuma mlango mmoja. Fizi zikitoka damu bila sababu, au choo kikiwa cheusi kama lami, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Sukari nayo ni hivyo hivyo. Uyoga huu unaweza kuishusha kidogo, na vidonge vya sukari au insulini vinaishusha pia. Mgonjwa akianza kutoka jasho, kutetemeka na kusema maneno yasiyoeleweka, mpeni sukari au soda upesi ikiwa bado anaweza kumeza, kisha mumkimbize kwa daktari. Wa dawa za presha anaweza kupata kizunguzungu akiinuka.

Kuna pia ini na mafigo. Mwaka 2007 madaktari wa Thailand waliandika habari za mgonjwa aliyekufa kwa kuharibika ini baada ya kutumia unga wa lingzhi. Mwaka 2014 madaktari wa Japani waliandika habari za mama wa miaka 72 aliyekuwa amekunywa unga wa chaga vijiko 4 hadi 5 vya chai kila siku kwa miezi 6. Chaga ina oksaleti nyingi. Mafigo yake yaliharibika hata akawekwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Visa kama hivi ni vichache, lakini mkojo ukiwa kama chai ya rangi na macho yakawa ya manjano, acheni unga huo mwende mkapimwe.

Aliyebadilishiwa figo na anayekunywa dawa za kutuliza kinga ya mwili asiguse vitu hivi bila daktari wake kujua, kwa maana vinasifiwa kuamsha kinga ile ile inayotulizwa. Na wa ARV asiache dawa zake kwa sababu ya uyoga wowote, hata muuzaji aseme nini.

Twajua kukataa ni vigumu. Muuzaji mara nyingi ni jirani, pengine mnaimba naye kwaya, na anapata pointi akiingiza watu chini yake. Mwambieni tu mtamuuliza daktari kwanza. Mkienda kliniki, bebeni makopo yote, ya uyoga na ya hospitali, myaweke mezani. Daktari hawezi kukisia yaliyo kabatini kwenu. Anayetaka kujaribu aanze na aina moja tu. Akianza mbili siku moja na akaugua, nani atajua ni ipi? Anayengoja kupasuliwa amwambie daktari mapema, kwa kuwa kwa kawaida huagizwa kuviacha kama wiki mbili kabla.

Kikundi kinachotaka kuweka pesa za mzunguko kwenye biashara hii kiulize Bodi ya Dawa na Sumu kama bidhaa hiyo imesajiliwa, kisome tarehe ya mwisho wa matumizi, na kimuulize muuzaji kwa maandishi atafanya nini mnunuzi wenu akiugua.