Je, Wajua? Neema Hutangulia, Matendo Hufuata

Kwetu Kindu, mtu akifariki, swali hufika matangani kabla ya chai: marehemu ataokolewa na imani yake, au na mema aliyoyatenda? Mkatoliki huvutia huku, mlokole kule, na mabishano hukesha pamoja na wafiwa. Ndugu msomaji, kabla ya kesha lijalo, pokea haya.

Je, wajua kwamba neno "neema" lilifika mkoa wetu wa Maniema kwa njia ya machungu? Asili yake ni Kiarabu, na Kiswahili kilichokuja nalo kiliingia huku na misafara ya pembe za ndovu na watumwa, iliyoweka makao Kasongo na Nyangwe. Tarehe 15 Julai 1871, David Livingstone alishuhudia watu wakimiminiwa risasi sokoni Nyangwe, ukingoni mwa Lualaba, mto huuhuu unaopita Kindu. Neno lililosafiri na minyororo leo ni jina la binti zetu. Simama sokoni uite "Neema!" uone wangapi watageuka.

Je, wajua kwamba sarufi ya Kiswahili inahubiri? Biblia zetu zinasema mtu "huhesabiwa haki". Kitenzi kiko katika hali ya kutendewa: yupo anayehesabu, na yule anayehesabiwa hashiki kalamu.

Je, wajua kwamba watu wengi hukatisha Waefeso 2 njiani? Aya ya 8 na ya 9 zinafundisha kwamba wokovu ni zawadi, hautokani na matendo, asije mtu akajisifu. Wengi hufunga kitabu hapo. Aya ya 10 inaendelea kwamba tumeumbwa katika Kristo kwa ajili ya matendo mema. Zawadi kwanza, kazi baadaye, katika pumzi moja.

Je, wajua kwamba Paulo na Yakobo, wanaodhaniwa kugombana, wanamwita shahidi mmoja? Ni Abrahamu. Wote wawili wanarejea Mwanzo 15:6, pale alipomwamini Mungu akahesabiwa haki. Paulo, katika Warumi 4, anasisitiza kwamba hilo lilitokea kabla Abrahamu hajatahiriwa. Yakobo, katika sura ya 2, anasogea mbele hadi Mwanzo 22, Isaka akiwa juu ya madhabahu, kuonyesha imani ile ilizaa nini. Mmoja anatazama mzizi, mwingine tunda.

Je, wajua kwamba maneno "kwa imani peke yake" yanapatikana mahali pamoja tu katika Agano Jipya, nayo yanakanushwa? Ni Yakobo 2:24. Martin Luther, alipotafsiri Agano Jipya kwa Kijerumani mwaka 1522, aliongeza neno la "peke yake" katika Warumi 3:28, akieleza kwamba maana ya Paulo na desturi ya Kijerumani vinalidai.

Je, wajua kwamba mwalimu mkuu wa neema alikuwa Mwafrika? Agostino alizaliwa mwaka 354 Thagaste, mji ambao leo uko Algeria. Alipambana na mafundisho ya Pelagio, aliyeona kwamba binadamu anaweza kutenda mema kwa nguvu zake mwenyewe. Mwaka 418 maaskofu wa Afrika walikutana Karthago wakayakataa mafundisho hayo. Wakatoliki wanamheshimu Agostino kama mwalimu wa Kanisa. Luther naye alikuwa mtawa wa shirika la Waagostino. Waliogombana Ulaya walikuwa wamekunywa maji ya kisima kimoja cha Afrika.

Je, wajua kwamba Kanisa Katoliki halifundishi kwamba mbingu inanunuliwa? Tarehe 13 Januari 1547, Mtaguso wa Trento ulitamka kwamba hakuna kitu kinachotangulia kuhesabiwa haki, iwe imani au matendo, kinachostahilisha neema hiyo. Anayemwambia jirani yake Mkatoliki "ninyi mnajiokoa kwa rozari" hajasoma Trento.

Je, wajua kwamba Luther naye hakumruhusu Mkristo akae bure? Katika dibaji yake ya Waraka kwa Warumi alieleza imani kuwa kitu hai chenye shughuli nyingi: kabla hujaiuliza kama inapaswa kutenda mema, tayari imekwisha kuyatenda.

Je, wajua kwamba dibaji hiyohiyo ndiyo iliyomgusa John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti? Ilisomwa London jioni ya tarehe 24 Mei 1738, naye akasikia moyo wake unapata joto. Moyo ule haukuishia kuimba. Mwaka 1774 Wesley alichapa kitabu cha kupinga utumwa, na Februari 1791, siku chache kabla ya kufa, alimwandikia barua William Wilberforce kumtia nguvu avunje biashara ya watu. Mtoto wa Maniema, ambaye mababu zake walifungwa shingo kwa shingo, ana sababu ya kuikumbuka barua hiyo.

Je, wajua Wamethodisti walifikaje pande zetu? Mwaka 1911 Askofu Walter Lambuth alisafiri kuja Kongo pamoja na John Wesley Gilbert, msomi Mmarekani mweusi. Misheni ikafunguliwa Wembo-Nyama, kwa Watetela, mwaka 1914. Leo makao ya uaskofu wa Methodisti wa Mashariki ya Kongo yako hapa Kindu.

Je, wajua kwamba ule ugomvi wa matangani ulikwisha kusuluhishwa kwa saini? Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Ujerumani, Wakatoliki na Walutheri walisaini Tamko la Pamoja kuhusu Mafundisho ya Kuhesabiwa Haki. Walikiri pamoja kwamba Mungu hutupokea kwa neema tu, kwa kuiamini kazi ya Kristo, bila stahili yetu yoyote. Na kwamba Roho Mtakatifu hutufanya upya, akituandaa na kutuita kutenda mema. Wamethodisti walijiunga Seoul mwaka 2006. Waanglikana walilipokea Lusaka, hapa jirani Zambia, mwaka 2016. Wareformati walisaini Wittenberg mwaka 2017. Tofauti zingine zimebaki, lakini katika ukweli wa msingi wamekubaliana.

Sasa tazama mji wetu. Jimbo Katoliki la Kindu ni jimbo kamili tangu tarehe 10 Novemba 1959. Waanglikana wana dayosisi hapa, na Zacharie Masimango Katanda, akiwa Askofu wa Kindu, alipata kuwa Askofu Mkuu wa Kongo kuanzia mwaka 2016. Wamethodisti ndio hao tuliowataja. Makanisa matatu yaliyokubaliana duniani yanapigiana kengele katika mji mmoja, na sisi matangani bado tunabishana.

Je, wajua kwamba tendo jema linaweza kuwa neno moja tu, "hapana"? Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma, alifanya kazi ya kukagua bidhaa mpakani. Alikataa rushwa ili chakula kilichoharibika kisiingie kwa walaji. Aliuawa Julai 2007, akiwa na umri wa miaka 26. Alitangazwa mwenyeheri tarehe 15 Juni 2025, Roma, katika Basilika la Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta, lenye kaburi la Paulo, mtume wa neema. Askofu wa Goma siku hiyo, Willy Ngumbi, tunamjua vizuri: aliliongoza jimbo la Kindu kuanzia 2007 hadi 2019.

Je, wajua kwamba yule mhalifu aliyesulubiwa kando ya Yesu hakufa bila tendo? Hakuwa na muda wa kubatizwa wala kulipa deni la mtu. Lakini alimkemea mwenzake na kumtetea asiye na hatia. Imani yake iliishi saa chache tu, na bado ikazaa.

Je, wajua nani alitangulia nyumbani kwa Zakayo? Yesu alisema atashinda kwake kabla Zakayo hajaahidi hata senti. Ahadi ya kuwapa maskini nusu ya mali na kurudisha mara nne ilikuja mgeni akiwa amekwisha kupokelewa.

Je, wajua kwamba jirani yako Mwislamu analijua swali hili? Maniema ina Waislamu wengi tangu enzi za misafara ile ya Kasongo. Kurani huunganisha mara kwa mara kuamini na kutenda mema, na katika hadithi ya Mtume imesimuliwa kwamba matendo peke yake hayamwingizi mtu peponi pasipo rehema ya Mungu.

Je, wajua mahali pa kuona tofauti ya matendo mawili kwa macho? Nenda siku ya salongo, kazi ya pamoja ya kusafisha mji. Maduka yamefungwa, watu wameshika majembe, na wengi wanalima kwa macho: shefu akikaribia, nyasi zinakatwa; akipita, jembe linakuwa fimbo ya kuegemea. Hofu ya faini imewatoa nyumbani, basi. Kesho yake pita mtaa uleule alfajiri. Mama mmoja kati ya walewale ameinama na ufagio wake wa vijiti, anafagia uani, anavuka mpaka hadi kwa bibi jirani asiyeweza kuinama. Hakuna shefu, hakuna faini. Uwanja ni wake, na bibi ni wake. Aliyepewa nyumba hafagii ili apewe nyumba.

Na hili la mwisho: je, wajua jambo la ajabu katika Mathayo 25? Kwetu kila likelemba, chama cha kuchangiana fedha kwa zamu, ina daftari. Kila Jumapili mweka hazina analifungua, anapiga tiki mbele ya jina la aliyetoa, na zamu yako ikifika unadai chako bila aibu, kwa sababu imeandikwa. Sasa soma hukumu ya mwisho katika sura hiyo. Wale wa mkono wa kuume wanaambiwa walimlisha Mfalme, walimvika, walimtembelea gerezani. Nao wanashangaa na kuuliza: ni lini tulifanya hayo? Walikuwa wamelisha watu bila kupiga tiki. Daftari hawakuwa nalo.