Dawa Ambazo Daktari Hakuandika

Mgonjwa anayefika hospitali mara nyingi huwa ameshaanza matibabu. Homa ilipomshika alimeza Panadol mbili. Ilipokataa kushuka akanunua dawa ya mseto ya malaria bila kupima. Baadaye jirani akampa vidonge vilivyobaki mtoto wake alipougua kifua. Daktari anapomwona hatimaye, anapokea ugonjwa uliokwisha kuguswa na dawa tatu. Tabia hii ya mtu kujiamulia dawa, kiasi chake na muda wa kuitumia bila maelekezo ya mtaalamu ndiyo kujitibu, na haiishii kwenye lango la hospitali. Huanza kabla ya kulazwa, huendelea wodini, na hurudi kwa nguvu mgonjwa akisharuhusiwa.

Si kila kujitibu ni kosa. Dawa za maumivu madogo, za kiungulia na za mafua, pamoja na chumvichumvi za kumpa mtoto anayeharisha, zimeruhusiwa kuuzwa bila cheti, na hospitali zingeelemewa kama kila mwenye mafua angepanga foleni. Hata hivyo dawa hizo nazo zina mipaka. Mtu mzima hapaswi kuzidisha gramu 4 za parasetamoli kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na dawa nyingi za mafua zina parasetamoli hiyohiyo ndani yake chini ya jina jingine. Anayechanganya mbili au tatu hupita kiwango bila kujua, na ini ndilo linaloumia. Tatizo kubwa zaidi liko kwenye dawa za cheti: antibiotiki, dawa za malaria, steroidi na dawa za presha.

Nchini Tanzania mlango mkuu wa dawa hizo ni duka la mtaani. Kwa miaka mingi vijijini na pembezoni mwa miji kulikuwa na maduka ya dawa baridi, ambayo kisheria yaliuza dawa zisizohitaji cheti tu, lakini mengi yalivuka mpaka huo. Mwaka 2003 ulianza kujaribiwa mkoani Ruvuma mfumo wa Duka la Dawa Muhimu: muuzaji hupewa mafunzo, duka hukaguliwa, nalo huruhusiwa kuuza orodha maalumu ya dawa za cheti, zikiwemo antibiotiki kadhaa. Mfumo huo ulienea mikoa mingine ya Bara na ukasogeza dawa karibu na watu. Mazungumzo ya dirishani hayakubadilika sana. Mteja hasemi anaumwa nini, anataja dawa: “Nipe rangi mbili za elfu moja,” yaani kapsuli za antibiotiki. Muuzaji huhesabu vidonge kwa kufuata fedha, huvitia kwenye bahasha ndogo na kuandika 1x3. Akikataa kuuza, duka la pili liko hatua chache mbele, naye anajua hivyo.

Sababu inayotajwa haraka ni umaskini, na ni ya kweli, ila haitoshi. Uchangiaji wa gharama za matibabu ulianza katika hospitali za umma mwaka 1993. Sera inawasamehe watoto wa chini ya miaka 5, wajawazito na wazee wasiojiweza wa miaka 60 na zaidi, lakini msamaha hauna faida kubwa pale rafu za dawa zinapokuwa tupu. Mgonjwa hulipa nauli, hukosa kibarua cha siku nzima, hukaa kwenye benchi tangu alfajiri, humwona daktari kwa dakika chache, kisha huandikiwa dawa akanunue nje. Safari yake inaishia kwenye dirisha lilelile ambalo angelifikia kwa miguu asubuhi. Safari ijayo huruka hatua ya hospitali. Anayemwita mgonjwa huyo mjinga hajapiga hesabu zake.

Sababu ya pili ni mazoea yaliyofundishwa na huduma za afya zenyewe. Kwa miongo mingi ushauri rasmi ulikuwa kwamba homa ya mtoto ichukuliwe kuwa malaria na itibiwe mara moja, maana vipimo havikuwepo karibu na kuchelewa kuliua. Shirika la Afya Duniani lilianza kusisitiza kupima kila mtu kabla ya kutibu mwaka 2010. Kabla ya hapo dawa yenyewe ilikuwa imebadilika mara mbili nchini Tanzania: klorokwini ikaondolewa mwaka 2001 na kuachia nafasi dawa iitwayo SP, nayo SP ikapisha mseto mwaka 2006, kwa sababu vimelea vilikuwa vimezoea dawa zilizotangulia. Kwa hiyo bibi anayempa mjukuu dawa ya malaria kabla ya kipimo anatekeleza somo alilopewa kliniki akiwa mama kijana.

Nyuma ya hizo zipo sababu za faragha. Magonjwa ya zinaa hupelekwa dukani ili mtu asionekane kwenye foleni na majirani. Wengine wamechoka kufokewa hospitalini.

Wodini kujitibu huchukua sura nyingine. Katika hospitali nyingi za umma chakula huletwa na ndugu, na pamoja na uji na chupa ya chai huingia vitu visivyoandikwa kwenye faili: mafuta ya kuchua, unga wa mlonge, mizizi iliyochemshwa, vidonge alivyozoea mgonjwa nyumbani. Muuguzi hugawa dawa kwa saa zake, lakini maumivu hayana saa. Aliyepasuliwa jana, akishikwa na maumivu saa nane usiku huku muuguzi mmoja akihudumia wodi nzima, hufungua kabati la kitandani na kumeza diclofenac juu ya ile aliyochomwa jioni. Dawa hiyo ikizidi inaweza kuvujisha damu tumboni na kuumiza figo, hasa kwa mtu aliyepungukiwa maji mwilini.

Wodi ya wazazi inastahili kuangaliwa peke yake. Sehemu nyingi za Afrika Mashariki, mama mkwe, bibi au mkunga wa jadi humpa mjamzito mitishamba ya kuharakisha uchungu. Baadhi ya mimea hiyo hukaza kweli misuli ya mji wa mimba, na ndiyo maana imedumu. Mama akiinywa kwa siri kisha akatundikiwa dripu ya oksitosini, nguvu mbili hukutana: uchungu huja mfululizo, mtoto hukosa hewa, na mji wa mimba, hasa wenye kovu la upasuaji, unaweza kupasuka. Mkunga akiuliza, hujibiwa “sijatumia kitu.” Mama anajua kwamba akisema ukweli atagombezwa mbele ya wenzake. Kwa hiyo ukali wa wodini ni sehemu ya hatari yenyewe.

Ukimya wa namna hiyo huharibu pia kazi ya maabara. Vidonge vichache vya malaria vinaweza kupunguza vimelea hadi hadubini isivione, wakati kipimo cha haraka, kinachotafuta protini ya vimelea, kinaweza kuendelea kuonyesha malaria wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona. Antibiotiki iliyomezwa kabla ya kutoa mkojo au damu inaweza kuzuia bakteria kuota, na daktari hubaki akibahatisha dawa.

Kisha kuna usugu. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini, alitahadharisha katika hotuba yake ya Nobel ya Desemba 1945 kwamba mtu akijipa dozi ndogo atawafundisha vijidudu kuihimili dawa. Mwaka 2019 usugu wa bakteria ulikadiriwa kusababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani. Kidonge cha rangi mbili kinachofunguliwa na unga wake kunyunyizwa kwenye kidonda, jambo la kawaida mitaani, ni dozi ndogo ya aina hiyo.

Baada ya kuruhusiwa, mambo hugeuka: mgonjwa hujipunguzia. Dozi ya mseto ya mtu mzima ni vidonge 24 kwa siku tatu, lakini homa mara nyingi hushuka kabla ya hapo na vinavyobaki huwekwa akiba kwa ajili ya homa nyingine ya nyumbani. Mwenye presha humeza dawa siku ambayo kichwa kinamuuma, ingawa presha huweza kupanda bila dalili yoyote, na akijisikia vizuri huacha. Mwenye kisukari anayeongeza dawa ya asili ya kushusha sukari juu ya insulini anaweza kuzirai kwa sukari kushuka mno.

Hospitali zinazolishughulikia suala hili vizuri huanzia kwenye maswali. “Unatumia dawa yoyote?” huleta hapana ya haraka. Maswali yanayotaja vitu huleta zaidi: ulinunua nini kabla ya kuja, nani alikupa, ulimeza vingapi, kuna chai au mizizi yoyote, kuna sindano uliyochomwa mtaani. Ndugu huombwa arudi na bahasha na chupa zote zilizoko nyumbani, hata zisizo na jina. Mfamasia huziorodhesha kwenye faili, na siku ya kuruhusiwa huzilinganisha na dawa mpya, ili mgonjwa asiondoke na dawa moja mara mbili kwa majina mawili.